Dudumizi wa Kwenye Kayaba

Walisema sitaweza kuishika. Mwenye studio pale mjini Machakos, ambaye kazi yake ni picha za pasipoti na kuwapanga maharusi mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, aliichukua lenzi yangu, akaipimapima mikononi kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akanirudishia.

"Hii ni ya kuwekwa kwa stendi, brathe. Hata watu wa televisheni huiweka kwa stendi. Wewe utaishika na mkono?"

"Nitaishika na mkono."

"Na vile mkono inatetemeka?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walicheka. Mmoja alikuwa ameshapakwa poda usoni, na alipocheka poda ilipasuka mashavuni. Bado naukumbuka uso huo.

Mikono yangu kweli hutetemeka. Miaka mitatu ya kwanza kule Ghuba nilipanga makatoni ya kuku waliogandishwa ndani ya ghala la barafu, na vidole vyangu havijawahi kurudi vilivyokuwa. Miaka mitano iliyofuata nilikuwa mlinzi wa duka kubwa. Mchana nilisimama mlangoni, jioni nikasoma. Nilirudi nyumbani na diploma ya upigaji picha, kamera moja, na lenzi ndefu ambayo niliinunua kwa kula mchele mtupu. Hakuna mjomba aliyenisomesha, hakuna mbunge aliyenipa basari. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi wa wale walionicheka hawana cheti cha kitu chochote.

Pale mtaani kwetu, kwenye barabara ya kuelekea Kola, mapokezi yalikuwa ya aina yake. Mwalimu mstaafu anayeishi mkabala na lango letu aliitazama ile lenzi na kuuliza kama nimeamua kuwa fundi wa mabomba. Mama wa chapati, ambaye jiko lake liko penye kona na ambaye hakuna habari inayopita bila kusimama kwake, alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo:

"Wenzako walienda Ghuba wakaletea mama zao friji. Wewe umeleta darubini ya kuchungulia watu wakioga!"

"Mama yangu alishakufa," nikamwambia.

"Basi ungeniletea mimi."

Aliyeniumiza zaidi alisema kwa upole. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi ploti inayopakana na yetu. Nilipomweleza kwamba nitapiga picha za ndege wa bustani, wale wadogo waoga wanaokimbia ukifungua mlango, na kwamba nitaishi kwa kazi hiyo, alinipa kikombe cha chai, akangoja ninywe nusu.

"Baba yako pia alikuwa anaanza vitu," akasema.

Baba alianza kufuga nyuki, akaanza kutengeneza matofali, akaanza nyumba ambayo mimi ndiye niliyeiezeka. Sikuimaliza ile chai.

Nilipata kazi mwezi wa pili tangu nirudi. Mama mmoja mwenye uwezo alikuwa akijenga nyumba ya wageni kwenye miteremko juu ya mji, yenye bustani kubwa na ukumbi wa kulia chakula. Alitaka ukuta mmoja wa ukumbi huo uwe na picha kumi na mbili, kila moja ya ndege anayepatikana kwenye bustani za huku. Alitaka mgeni anayeamshwa na sauti asubuhi aje mezani aone ni nani aliyemwamsha. Aliitazama kazi yangu. Kisha akasema, "Wa kumi na mbili awe yule wa mvua. Yule analia kama maji yakimwagwa kutoka kwa chupa."

Dudumizi. Kila mtu wa Machakos amemsikia, na wakulima wakimsikia hutazama mawingu, lakini waliomwona vizuri ni wachache. Ni ndege mkubwa kiasi, mabawa ya rangi ya kutu, jicho jekundu, mstari mweupe juu yake. Hujipenyeza ndani ya vichaka kama panya. Ukimwona, unaona mkia ukiingia majanini.

"Naweza kukupa kumi na moja kwa uhakika," nikasema.

"Ukuta una nafasi kumi na mbili. Ukileta kumi na moja sichukui hata moja. Yule wa studio ameniambia anaweza kunitolea zote kwa mtandao kwa dakika tano, lakini mimi nataka ndege wa hapa."

Alinipa mpaka wakati wa kufungua, mwezi wa kumi na moja.

Nyumbani, ndani ya pasipoti yangu, kulikuwa na karatasi ya wakala. Nafasi ya ulinzi, mkataba wa miaka mitatu, duka lilelile, mlango uleule. Kila wiki alinitumia ujumbe: bado unafikiria? Nilijua jambo moja waziwazi. Nikimpata dudumizi, nabaki nyumbani. Nikimkosa, narudi kusimama mlangoni, na mwenye studio ataniaga kwa kunipiga picha ya pasipoti.

Nilianza na wale kumi na mmoja. Niseme wazi kwamba hakuna mtu mji huu ambaye angeweza kufanya nilichofanya. Stendi haikunifaa. Ndege wa bustani hukariri kila kitu kilichosimama uani, na ukichomeka miguu mitatu ya chuma karibu na kichaka chake hukaa siku nne bila kutokea. Tena ndege wadogo hawakai pahali pamoja, na kabla hujageuza kichwa cha stendi ameshahama matawi mawili. Lazima lenzi iwe mkononi, ifuate.

Nilijifunza mikono yangu kama watu wanavyojifunza gari bovu. Viwiko viwili ndani ya mbavu, mguu wa kushoto mbele, pumzi nusu imetoka. Mtetemeko hauishi, lakini kati ya tetemeko moja na lingine kuna nafasi, fupi kama kupepesa jicho, na mimi nilijifunza kupigia hapo. Nilisimama nyuma ya kamba ya nguo ya shangazi, aliyoifunga upande wetu wa ua, kati ya mablanketi yake mawili, kwa sababu ndege walikuwa wameshayazoea. Nilipitisha lenzi kati ya blanketi na blanketi. Nilisimama hivyo hata masaa matatu kwa mkupuo, na jioni sikuweza kuinua sahani.

Kilichowaleta ndege ni maji. Ilikuwa kiangazi kikali, na maji ya mfereji yalikuwa hayajafika mtaani kwetu kwa wiki nyingi. Nilitundika mtungi wa lita ishirini kwenye tawi la mparachichi karibu na mpaka, nikautoboa kwa msumari, tone moja moja likawa linaangukia sinia la bati. Sauti ya tone ndiyo inayowaita. Asubuhi ya tatu walikuja chiriku, kisha shore, kisha mnana kwa makundi wakigombana kama makondakta, na chozi wa rangi ya kijani akioga huku akining'inia. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa na kumi na mmoja, wote katika picha kali, unaweza kuhesabu manyoya ya kope. Dudumizi alikuwa akilia ndani ya ua wa kayaba, ule ua wa miiba mirefu unaotenganisha ploti yetu na ya shangazi, na hakutoka kunywa hata mara moja.

Tangi langu likakauka. Nikaanza kuweka mtungi.

Mtu asiye wa kwetu huenda asijue. Wakati wa ukame, ukiishiwa maji, hupigi hodi na kujieleza. Unaacha mtungi mtupu kwenye lango la jirani mwenye akiba, unaondoka. Jioni unaukuta umejazwa, ama haujajazwa na yeye pia hajielezi. Huulizwi maji ni ya nini, kwa sababu inajulikana: ni ya kupika, ni ya mtoto, ni ya mgonjwa. Utarudisha ukipata. Mwalimu mstaafu alinijazia mitano. Mama wa chapati minne, na kila mara akafunga kifuniko kwa nguvu hata nikahitaji koleo kukifungua. Shangazi alinijazia minane.

Maji hayo niliyatundika kwenye mparachichi.

Shangazi peke yake ndiye aliyejua, maana aliona kutoka dirisha la jiko lake. Siku ya kwanza aliponikuta nikimimina alisimama upande wa pili wa ua, mikono kiunoni.

"Hiyo ni maji yangu?"

"Ni ya ndege, shangazi."

"Mimi naoga na kikombe, na ndege wako wanaoga na mtungi?"

Nilifikiri angeuchukua ule mtungi. Hakuuchukua. Baada ya siku kadhaa nilimwona ameketi kwenye kigoda karibu na kayaba, akitazama kitu ndani. Shore walikuwa wamejenga tago, kiota chao, mle, kwa sababu ya maji yaliyo karibu, na walikuwa na makinda watatu. Shangazi ana watoto wanne, Mombasa, Nairobi na kwingine, na simu yake huweza kukaa kimya mwezi mzima. Akaanza kwenda pale kila asubuhi na uji wake. Aliwaita wale makinda kwa vyeo: Mkubwa, Wa Katikati, na Kaharibika, yule mdogo aliyekuwa akikanyagwa na wenzake.

"Leo Kaharibika amekula kwanza," aliniambia kupitia ua, kana kwamba ametangaza matokeo ya uchaguzi. "Alimkanyaga Mkubwa kichwa. Nimefurahi!"

Mtungi wa saba alinijazia bila mimi kuuweka. Aliuchukua mwenyewe langoni kwangu.

Mwezi wa kumi ulipokuwa ukiisha, mwenye nyumba ya wageni alinipigia kuuliza kama ana haja ya kumwita yule wa studio. Nikamwambia anipe siku tano. Siku hiyo hiyo wakala aliandika kwamba nafasi itapewa Mganda.

Nikakaa nyuma ya mablanketi nikafikiri kama mtu aliyesoma. Dudumizi hali mbegu. Hula panzi, mijusi, vyura, na makinda ya ndege wengine. Alikuwa anaishi ndani ya kayaba ileile, hatua kumi na tano kutoka kwa tago la shore. Hakuwa amelifikia kwa sababu moja: mbele ya tago kulikuwa na matawi mawili mazito ya miiba iliyosukana, na nyuma kulikuwa na ukuta wa miiba vilevile. Shore hawakuwa wajinga.

Katika diploma yangu somo la kwanza kabisa lilikuwa hili: usiguse kiota, usikate hata jani mbele yake. Nililifaulu kwa alama nzuri kuliko wote darasani.

Asubuhi iliyofuata nilichukua panga nikayakata yale matawi mawili. Shangazi alitoka na uji.

"Mbona unawafungulia?"

"Nataka mwanga uwafikie. Nikupigie picha yao wakiwa watatu, uweke ukutani."

Alifurahi. Alisogea kando ili asinizibie mwanga. Aliniuliza kama picha itakuwa kubwa kama ile ya harusi ya binti yake, nikasema itaizidi.

Dudumizi alikuja siku ya tatu, jua likiwa limepanda kidogo juu ya bati la mwalimu. Nilisikia kwanza majani yakisagwa chini. Kisha shore wakaanza kupiga kelele ile ambayo mtu yeyote anayeishi na ndege anaijua, kelele ya kuona nyoka. Alipanda ndani ya kayaba tawi kwa tawi, bila haraka, akatokea pale nilipokuwa nimepafungua. Mwili mzima ulikuwa wazi. Mwanga ulimwangukia ubavuni, kutu ikawa kama moto, na jicho likawa tone la damu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile katika maisha yangu, na nimeona miji iliyojengwa juu ya bahari.

Nilikuwa hatua kumi. Kupiga makofi mara moja kungetosha. Ndege yule ni mwoga kiasi kwamba kukohoa kungetosha.

Nilitoa pumzi nusu nikabana kidole.

Alimchukua Mkubwa kwanza. Alimgonga kwenye tawi mara mbili, akammeza kichwa kikitangulia, miguu ikabaki nje ya mdomo kwa muda. Nilipata hiyo. Shore wawili walimpiga mgongoni kwa mabawa, na hakujali. Akamchukua Wa Katikati. Hapo alinitazama moja kwa moja ndani ya lenzi, mdomo umejaa, na hiyo ndiyo picha iliyo ukutani leo. Imekatwa kidogo upande wa chini, mwenye nyumba hakutaka wageni wake waone mguu wakiwa wanakula mayai.

"Mfukuze!"

Shangazi alikuwa ametoka na mwiko. Umri wake haumruhusu kukimbia, na kati yake na tago kulikuwa na ule ukuta wa miiba. "Wewe! Uko hapo! Mfukuze!"

Sikuinua uso. Nilikuwa na ndege wa kumi na mbili ndani ya fremu, na baada ya hapo nisingempata tena. Nilimsikia akirusha mwiko, nao ukaishia kwenye miiba. Dudumizi alimchukua Kaharibika, akashuka naye chini bila kummeza, akapotea.

Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Niliangalia picha mia mbili na zaidi usiku ule, na hakuna hata moja iliyotikisika.

Shangazi alizunguka kupitia lango, akaja mpaka kwenye mablanketi yake, akayashusha kambani moja baada ya lingine, akayakunja. Kisha akaniuliza, akiwa na mablanketi kifuani.

"Ulimwona akikuja?"

"Nilimwona."

"Kutoka mwanzo?"

"Kutoka mwanzo."

"Na yale matawi?"

Nilikuwa nikiangalia skrini. Niliona nimepata, na furaha ilinipanda, na sikuweza kuificha. Nafikiri ndiyo aliyoiona usoni mwangu.

"Baba yako alikuwa anaacha vitu katikati," akasema. "Heri yeye." Akaenda mpaka langoni, akageuka. "Nirudishie maji yangu. Yote."

Neno hilo, yote, ni lazima nilieleze. Kwetu maji huwa hayarudishwi yote. Ukiwa umejaziwa sita, unarudisha mitano, na ule mmoja hautajwi. Unabaki. Mwaka ujao yeye ataishiwa, atakuja kuweka mtungi langoni kwako, na hivyo lango linabaki na sababu ya kufunguliwa. Kuna majirani waliokufa wakiwa na mtungi mmoja kati yao, na watoto wao wakaurithi. Mtu akikuambia rudisha yote, amekuambia kwamba hataki kukuona langoni kwake.

Kufikia jioni habari ilikuwa imeshasimama kwa mama wa chapati. Mwalimu alinijia mwenyewe, amevaa koti kana kwamba anakwenda kwenye kikao.

"Nilikuwa nafikiri unapika na ile maji, kijana."

"Hukuniuliza."

"Haiulizwi! Mke wangu alikuwa anaosha vyombo na maji ya jana ili wewe ujaziwe. Umenywesha ndege. Tena ndege wenyewe umewalisha kwa ndege mwingine. Diploma yako inaitwaje, ya uchawi?"

Mama wa chapati alisema utu wangu niliuacha huko Ghuba. Alisema pia kwamba hata dudumizi alipewa tumbo la kulijaza, mimi nikapewa mashine tu. Wateja wake walipiga meza. "Rudisha yangu minne," akasema, "na usilete mtungi ukinuka kinyesi ya ndege."

Wote watatu walitaka yote. Hakukuwa na tone mtaani.

Nilipeleka picha kumi na mbili siku moja kabla ya muda kwisha. Mwenye nyumba ya wageni alisimama mbele ya dudumizi muda mrefu, akauliza nilitumia stendi gani. Nikamwinulia mikono yangu, na wakati huo ilikuwa ikitetemeka kama kawaida, akadhani namtania. Alinilipa yote, akaagiza kumi na mbili zingine kwa vyumba vya kulala. Nilipita studio makusudi. Kulikuwa na foleni ya wanafunzi wa kitambulisho. Niliweka nakala ya dudumizi juu ya meza yake, kati ya gundi na mkasi. Aliitazama.

"Hii ni ya mtandao," akasema.

"Toa basi hiyo ya mtandao tuone. Una dakika tano."

Wanafunzi walicheka, wakamcheka yeye. Nilisimama pale dakika zote tano nikiangalia saa. Nilipofika nyumbani nikamjibu wakala kwamba sirudi, nikaichana ile karatasi.

Nilibaki na maji. Ningeweza kuleta bouza, lori la maji, mara moja, pesa nilikuwa nazo. Sikuleta. Nilingoja. Kila jioni mwalimu alinitazama kutoka kwenye kibaraza chake, na mama wa chapati aliimba kitu kuhusu watu wa Ghuba wanaokopa hata mate. Nikawaacha waendelee. Nilijua mvua iko njiani.

Ilinyesha Jumanne, tangu alfajiri, mvua ya mabati kulia hata husikii redio yako. Kufikia saa nne barabara ilikuwa mto mwekundu. Matangi yalijaa yakafurika, watu wakaweka nje sufuria na beseni na madumu, na hivyo vikajaa pia. Hapo nikavaa koti langu la mvua la Ghuba, nikakodi mkokoteni, nikaenda kwenye kioski cha maji. Mwenye kioski alikuwa amelala. Nilinunua mitungi kumi na saba ya maji, nikaisukuma mwenyewe kwenye ile mvua.

Mwalimu alifungua lango akiwa ameshika mwavuli. Tangi lake lilikuwa likimwaga kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

"Maji yako, mwalimu. Mitano."

"Leo?"

"Ulisema nirudishe."

"Na nitaiweka wapi?"

"Haiulizwi," nikamwambia.

Alikuwa mtu wa kanuni, aliyenifundisha hesabu darasa la sita kwa kiboko. Hakuweza kuyakataa. Ilibidi amwage beseni zake za maji ya mvua, moja baada ya nyingine, mkewe akimtazama mlangoni, ili apate pa kuweka yangu. Nilisubiri mitungi yangu, nikiwa nimesimama wima, mpaka akamaliza. Koti lake lile la kikao lililoa hadi likaning'inia.

Mama wa chapati hakupokea hata mmoja. Alimimina yote minne kwenye viatu vyangu, polepole, akihesabu kwa sauti kwa Kikamba. Nikamwacha. Deni lilikuwa limerudishwa mbele ya mashahidi watano waliojikinga kibandani kwake, na viatu vyangu ni vya ngozi.

Shangazi nilimweka mwisho. Lango lake lilikuwa limeegeshwa tu. Nilibeba mitungi miwili miwili hadi kwenye kibaraza cha jiko. Alikuwa ndani akipepeta pojo, hakuinuka. Niliweka miwili, nikaweka miwili tena, nikaweka miwili. Nilipoleta wa saba alisimama, akaja mlangoni, akaufungua kifuniko akaona maji yamefika shingoni. Alikuwa amekonda. Mvua ilikuwa ikipiga kwa kelele, ikabidi asogee karibu na sikio langu.

"Saba zinatosha," akasema.

Nilimsikia vizuri. Alilisema bila kunitazama, akifunga kifuniko, kama mtu anayezungumzia chumvi kwenye mboga. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuihesabu yote kwa sauti kama mama wa chapati.

Mimi nilikuwa nimelowa hadi kwenye mifupa. Nilikuwa nimechekwa na watu wenye poda usoni. Nilikuwa na kazi ya miezi sita mbele yangu na hakuna mtu aliyenisaidia kuipata, na nilitaka siku hiyo iishe nikiwa sidaiwi na binadamu yeyote hapa duniani.

Nikarudi kwenye mkokoteni. Nikaubeba wa nane, nikauweka kibarazani, sawa na wenzake.

"Minane, shangazi."

Aliitazama ile mitungi, kisha akaanza kuimimina kwenye pipa lake, mmoja mmoja. Nilijitolea kumsaidia akanisukuma mkono kwa kiwiko. Pipa lilikuwa limeshajaa kwa mvua, kwa hivyo kila alichomimina kilipita juu ya ukingo, kikateremka kwenye ngazi za kibaraza, kikaenda na maji mengine. Alimaliza yote. Akaipanga mitungi mitupu miguuni pangu, na vifuniko vyake.

"Chukua yote," akasema. "Usiache kitu hapa."

Nikaichukua. Nilipovuka alinifuata hadi langoni, akiwa hana mwavuli, akalifunga nyuma yangu, na nikasikia komeo likiingia.